Dakika Arobaini Juu ya Tanuri

Sahani ya maabara ilitakiwa iwe tupu, nayo ilikuwa imejaa. Vidoa vyeupe vya hamira vilitapakaa kila upande, kila kidoa ukoo mzima uliozaliwa na seli moja iliyosalimika. Nami nilikuwa na hakika kwamba nimeziua zote. Nilizitia kwenye maji ya nyuzi hamsini, dakika kumi kamili. Aina ile tuliiita Mnyonge, kwa sababu haikuwahi kuhimili joto hilo hata siku moja.

Daktari, mkuu wa maabara yetu, aliinua sahani kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza, kisha akanitazama mimi.

"Ama hukupasha maji moto," alisema, "ama umebadilisha lebo. Chagua."

Leo nina mvi, na maabara ile ina watu wengine, lakini neno hilo bado linanichoma. Daktari alikuwa akitafuta hamira ya kustahimili joto la viwanda vya mikate, na Mnyonge ndiye aliyekuwa kipimo chake: yeye afe, wengine wapimwe kwake. Mnyonge akiishi, kazi ya miaka mitatu inatiliwa shaka yote. Barua ya kuniondoa aliiandika siku hiyo hiyo, akanipa wiki mbili za kujieleza. Mama yangu alikuwa ameshawatambia majirani wote kwamba bintiye anavaa koti jeupe. Ningerudi kumwambia nini?

Nilirudia jaribio mara nne. Mara zote nne Mnyonge alikufa, tena bila ubishi. Kila alipokufa ndipo nami nilipozidi kuzama, maana ilionekana wazi kwamba vifaa ni vizima na mwenye hitilafu ni mimi.

Mchana mmoja nilikwenda kukaa stoo kwa Mama Funguo, mtunza vifaa, mwanamke mcheshi asiyemsahau aliyemkosea. Nilimwambia maji yamenifika shingoni.

"Mimi wala sikuonei huruma," alisema. "Siku ya lile jaribio lako la balaa ulinilisha chakula cha baridi."

"Mimi?"

"Wewe, mwanangu. Uliutoa mkebe wangu juu ya tanuri ukaweka vichupa vyako. Nikasema labda navyo vina njaa."

Nilicheka, kisha nikaikumbuka siku ile.

Tanuri la kukaushia vyombo vya kioo lilikuwa jiko letu la siri. Kanuni zilikataza, lakini ilipofika saa nne asubuhi mgongo wake ulikuwa umejaa mikebe ya chakula, na kila mtu alikuwa na kona yake. Siku ile nilikuwa navipeleka vichupa kwenye maji ya moto, Daktari akaniita ofisini. Meza zote zilikuwa zimejaa. Nikausogeza mkebe wa kwanza niliouona, nikavitua pale. Ofisini alinihubiria dakika arobaini nzima juu ya kuheshimu muda. Niliporudi nilivichukua na kuendelea na kazi, sina hili wala lile, wala sikuandika chochote kwenye daftari.

Nilitoka stoo mbio, nikaweka kipimajoto juu ya tanuri. Nyuzi thelathini na nane. Joto la kutoa jasho, si la kuua.

Hapo nikaelewa. Ndani ya seli, protini ndizo zinazofanya karibu kazi zote, na kila moja hufanya kazi yake kwa sababu imejikunja kwa umbo lake. Joto kali huzikunjua, zikagandamana kama ute wa yai kwenye maji yanayochemka. Lakini joto la wastani likitangulia, seli hushtuka mapema na kutengeneza kwa wingi protini za mshtuko wa joto. Hizo huzidaka zile zinazolegea, huzibandua zilizoshikana, huzisaidia kujikunja upya. Mnyonge hakuwa mnyonge kiasi hicho. Alikuwa hajawahi kupewa onyo. Nilikuwa nimeyasoma hayo chuoni na kuyajibu kwenye mtihani, wala sikuwahi kudhani yangenitokea kando ya chakula cha Mama Funguo.

Lakini ili nithibitishe, ilibidi nikiri. Kuweka vichupa vya utafiti katikati ya mikebe ya chakula, tena bila kuandika, lilikuwa kosa la kufukuzwa papo hapo. Niliogopa sana. Kisha nikapiga moyo konde, nikaingia maabara wakati wote wapo.

"Daktari, nilikosea," nilisema, nikamweleza yote. "Lakini sikudanganya. Naomba nirudie mbele yako."

Alivua saa yake ya mkononi. "Haya. Na saa nitashika mimi."

Vichupa vitatu vya Mnyonge viliwekwa juu ya tanuri, vitatu vikabaki mezani. Baada ya dakika arobaini, vyote sita viliingia pamoja kwenye maji ya nyuzi hamsini. Tulipomaliza kuzipanda seli za kila kichupa kwenye sahani yake, Daktari alitia sahihi yake kwenye kila moja, asije mtu akazigusa. Siku mbili za kusubiri nilizimaliza kwa kuosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu.

Asubuhi ya siku ya tatu alizifunua mwenyewe. Kati ya sahani za vichupa vya mezani, moja ilikuwa na vidoa viwili, nyingine kimoja, na ya tatu haikuwa na kitu. Zile tatu za tanuri zilikuwa nyeupe pepe, zimesheheni. Mama Funguo alipiga kigelegele, na hakuna aliyemkanya.

Daktari aliketi. Mkononi alikuwa ameishika moja ya sahani za tanuri.

"Ungeweza kunyamaza ukatafuta kazi kwingine," aliniambia. "Kwa nini ulisema?"

"Seli zilikuwa hai, Daktari. Ningezificha vipi?"

Akachukua kalamu, akaanza kuhesabu kwa sauti, akitia nukta chini ya kila kidoa. Mama Funguo akamfuatisha, kisha fundi wetu wa vyombo vya kioo, kisha wote, kama watoto wa darasa la kwanza. Mia moja. Mia mbili. Walipofika mia tatu na kumi na mbili, Daktari alinisogezea sahani ya pili na kalamu yake.

"Hii hesabu wewe, mwenzangu."

Machozi yalikuwa yananitoka bila aibu yoyote. Nikaanza na moja.