Mrisho Alivyopungua

Mwaka ule wa ugali wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, mama mkwe wangu Bi Mwanamkuu alimtembeza mwanangu Mrisho mtaa mzima hapa Kariakoo akionyesha mashavu yake. Watu wakasifu: mjukuu kanawiri, na njaa yote hii. Mimi roho iliniuma. Mtoto wa miaka miwili hachezi, hata kulia anaona uvivu, ugali wenyewe anausukuma. Kashiba nini huyo?

Nikampeleka kliniki bila kuaga. Muuguzi Josepha akambonyeza mguu kwa kidole gumba, pakabaki shimo. Akaniambia yale si mafuta, ni maji. Ndani ya damu kuna protini inayoyazuia maji yasitoke kwenye mishipa. Mtoto akikaa na ugali mtupu, inapungua, na maji yanavujia kwenye nyama. Protini zile zinazopigana na maradhi nazo hupungua, ndiyo maana vidonda vyake vilikuwa haviponi. Akanipa maziwa ya unga, akaniagiza nimlishe maharage, mayai na dagaa wa kusaga, kidogo kidogo.

Nyumbani ndiko kulikokuwa na kazi. Nilipomwonyesha mama mkwe lile shimo, alisema ni unono. Mayai ndiyo kabisa: mtoto akilishwa mayai anakuwa mwizi. Nikamjibu bora mwizi aliye hai. Akaninunia. Mashavu yalipoanza kuporomoka, akaja amejifunga kanga kiunoni, anamchukua mjukuu wake akamlee mwenyewe. Nilijua akiondoka naye, mtoto atarudi kwenye ugali mtupu, na nitamzika. Nikasimama mlangoni. Sikuwahi kumzibia mkwe njia, lakini siku hiyo hapiti mtu.

"We Siti, mtoto kakonda kama ufito. Unamuua kwa njaa."

"Mama, mbonyeze mguu."

Akasita, kisha akaketi na kuubonyeza kwa nguvu zake zote. Alipoachia, nyama ikarudi palepale. Nikamweleza kwamba maji yameisha kwa mkojo, na huyu aliyebaki ndiye mjukuu wake hasa. Akaubonyeza na mguu wa pili.

Mrisho akauvuta mguu wake kwa hasira. Akaliona bakuli la maharage, akalinyooshea mikono, na lilipochelewa akaangua kilio mpaka majirani wakatoka nje. Sauti hiyo tulikuwa tumeisahau. Bi Mwanamkuu akanitazama, machozi yanamtoka, akapiga kigelegele. Nami nikampokea, tukapiga vigelegele wote wawili pale mlangoni, kwa sababu mtoto wetu ana njaa.