Kadi Nyeusi ya Kavenya

Kavenya alikuwa amekufa tangu saa nne asubuhi. Kadi nyeusi ilimning'inia shingoni, mchanga wa ufuo wa Msambweni ulimchoma mgongo, na mkufunzi Trevor alikuwa ameshaonya: maiti hasemi, hanyanyuki.

Lilikuwa zoezi tu. Boti imepinduka, watu arobaini, wahudumu wapya wajifunze nani abebwe kwanza. Kadi nyekundu ni mahututi, kijani anajiweza, nyeusi ndiyo basi tena. Jioni mwanafunzi mmoja angepewa kazi ya ambulensi, na kila mtu alijua ni Concepta.

Wivu ulimla Kavenya hadi mifupani. Miaka mitano alijitolea kubeba majeruhi wa bodaboda kwa leso yake mwenyewe, na ni yeye aliyemfundisha Concepta kufunga kidonda. Lakini fomu ya kujiunga na mafunzo ilitaka cheti cha kidato cha nne, naye aliishia darasa la nane. Sasa Concepta, aliyetoka juzi mapokezi ya hoteli huko Diani, ndiye aliyevaa jaketi la kung'aa. Na lilimpendeza, mwanaharamu yule.

Concepta akamfikia Mzee Menza, majeruhi wa kuigiza aliyelala kando ya Kavenya. Mzee alitetemeka, kijasho chembamba kikimtoka, maneno yakimpotea.

"Mzee, unaigiza vizuri sana!" Concepta akacheka. Akamvika kadi ya kijani, akaenda zake.

Kavenya alijua haigizwi hivyo. Mzee Menza ana ugonjwa wa sukari. Alfajiri alijidunga sindano, na chai waliyoahidiwa hadi sasa haijafika.

Mwache, akawaza. Azimie hapa, Concepta aumbuke mbele ya wakubwa. Akahesabu pumzi tatu za mzee, akijichukia kwa kila moja. Kisha akainuka.

"Wewe maiti, lala chini!" Trevor akafoka. "Unaharibu drill!"

"Sukari imemshuka! Leteni soda, haraka!"

Soda ilipoletwa, akamwinua mzee kichwa, akamnywesha. "Meza, baba. Kidogo kidogo." Fahamu zikamrudia mzee taratibu.

Saa kumi wakubwa walipiga picha na Concepta na barua yake ya kazi. Trevor akamsogezea Kavenya daftari la mahudhurio, kidole kwenye safu ya marehemu.

"Madam, sign hapa ndio upate lunch."

Kavenya akavua kadi nyeusi, akamwekea juu ya daftari.

"Marehemu hatii sahihi," akasema, akajifunga leso yake, akaondoka na njaa.