Nyigu wa Dirisha la Jikoni

Badriya alikuwa amechoka, na si kupika kulikomchosha. Kupika alikupenda. Kilichomkera ni upawa. Katika fleti ya wakwe zake, Mchafukoge, wake za wana walipika, na mama mkwe, Bi Thuwaiba, ndiye aliyepakua. Hata siku mama yake Badriya alipokuja kutoka Tanga, Badriya alisimama kando kama mgeni huku mama yake akiwekewa mkia wa samaki, si kichwa anachopewa mgeni wa heshima.

Hasira zake alizimalizia dirishani. Nyigu walikuwa wamejenga pale, na Bi Thuwaiba amekataza wasiguswe. Badriya aliwajua wote. Lile jike kubwa halikutoka kutafuta chochote. Lilikaa juu ya kiota likilishwa. Mwenzake akithubutu kutaga yai, lililila, kisha likamng'ata. Na waliong'atwa hawakuhama, wajinga wale! Walizidi kuleta viwavi, wakangoja.

"Kumbe na nyie mna mama mkwe," Badriya aliwaambia, akasonya.

Asubuhi moja jike kubwa lilikutwa limekufa sakafuni, sisimizi wanalivuta. Kule juu ikawa vurugu tupu, mpaka yule aliyeng'atwa kuliko wote akashika nafasi. Badriya alifurahi utadhani ni ndugu yake.

Mwezi huohuo Bi Thuwaiba alisafiri kwenda Umra. Mlangoni alimkabidhi Badriya upawa. "Nyumba hiyo, mwanangu. Usiniaibishe."

Ijumaa akaja mgeni: mama yake Nour, yule mke wa shemeji yake Badriya aliyeolewa juzijuzi tu. Nour aliingia jikoni mbio, akaushika upawa.

"Dada, leo niache nimpakulie mama mwenyewe. Kichwa cha huyu samaki changu, anakipenda sana."

"Weka chini."

"Mara moja tu, dada yangu."

"Nimesema weka chini! Mimi nimeungoja miaka saba. Na wewe utangoja."

Nour aliuweka, macho yamemjaa machozi. Badriya akapakua haraka kwa hasira, asijue hasa amemkasirikia nani. Alipotazama sahani, kichwa cha changu kilikuwa bado chunguni. Alichopakua ni mkia.

Angeweza kuubadilisha. Aliupeleka hivyohivyo sebuleni.