Udongo Unaokula Machicha

Muharami alipanda Newala kuuza chumvi. Alimwambia mama yake kule Lisekese kwamba ni siku mbili tu, ya tatu angekuwa nyumbani, na mama mtu akamwamini. Siku ya pili, kwenye njia ya genge ambayo wanawake wa Newala huteremkia bondeni kufuata maji, akakutana na msichana anapanda na mtungi kichwani, jasho linamtiririka. Msichana akamwambia, bila kuulizwa, kuwa mwanamume anayesimama katikati ya njia ya maji ama abebe ama apishe. Muharami akabeba. Alipanda genge lote na mtungi begani, nyuma ya yule msichana, Fatu kwa jina, moyo unacheza ngoma, na mfuko wake wa chumvi akauacha kule kule chini. Jamani, mapenzi! Chumvi ile mpaka leo haijulikani nani aliila.

Sasa, kuoa kwa watu hawa wa Newala si kuja na mahari ukaondoka na mke. Unahamia wewe. Unalima shamba la mama mkwe msimu mzima, na mavuno yako ndiyo yanayokusemea. Ghala likijaa, mama anakuita mkwe mbele ya watu na mambo yamekwisha. Lisipojaa, unakunja mkeka wako unarudi ulikotoka. Mama Fatu, Somoe kwa jina lake, alikuwa amekwisha kuwarudisha wachumba wawili, na wote aliwapa shamba lile lile la nyuma ya nyumba. Muharami naye akapewa hilo hilo, alime njugu mawe.

Na kuna adabu, tena adabu ngumu. Mchumba hamtazami mama mkwe usoni wala hasemi naye, na akikutana naye njiani huingia porini hata kama pori lenyewe ni miiba mitupu. Mama Fatu akiwa na neno alikiambia kinu, kwa sauti, huku Muharami akisikiliza nyuma ya ukuta. Muharami alijibu kwa kukohoa, mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Fatu hakuruhusiwa kumsemea mchumba wake kwa mama, maana binti afanyaye hivyo huambiwa hana haya. Msicheke. Watu waliishi hivyo na wakazaa na wakajukuu.

Mvua zikanyesha, njugu zikaota vizuri, Muharami akaanza kutembea kifua mbele. Kufika palizi ya kwanza, shamba likawa limepauka, majani ya njano, mashina yamedumaa. Akang'oa shina moja. Si kwamba alikuwa mgeni wa jembe. Alijua mizizi ya njugu ina vijivimbe vyema, vinavyobanduka ukivigusa kwa ukucha. Hivi havikubanduka. Mzizi wenyewe ulikuwa umevimba fundo kwa fundo, na alipopasua fundo moja kwa ncha ya kisu akaona vitone vyeupe, vidogo kuliko yai la chawa. Leo wasomi watakwambia ni minyoo ya mizizi, midogo mno, inaunyonya mmea toka chini. Muharami hakuwa na msomi wa kumuuliza. Alijua tu kwamba sasa ameona wale wachumba wawili waliomtangulia walipoishia.

Akalizunguka shamba lote kama aliyepotelewa na pete. Huko kona ya mwisho, pembeni kabisa, akakuta mashina kumi na mawili ya kijani kibichi, yamenona, mizizi yake misafi. Akamwuliza Fatu kona hiyo ina nini. Fatu akasema haina kitu, ila bibi yake, mama wa Mama Fatu, enzi za uhai wake alikuwa akipika pombe ya mtama na machicha yote akiyatupa pale, miaka na miaka.

Muharami akakaa chini hapo hapo, akauchukua udongo wa kona kiganjani, akaunusa. Ulinukia uyoga. Akawaza, chachu kidogo huchachusha mtungi mzima, basi kwa nini udongo huu usiambukize shamba zima? Wasomi wale wale watakwambia humo mlikuwa na ukungu na vijidudu rafiki, visivyoonekana, vinavyokula mayai ya ile minyoo. Yeye alisema tu kwamba humo mna kitu hai, na kitu hai sharti kilishwe.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Kitu hai kile kilikuwa kimezoea machicha, na Mama Fatu hakupika pombe. Alikuwa amesilimu, na zaidi ya kusilimu alikuwa na donda moyoni, kwa kuwa marehemu mumewe aliuza majembe matatu kwa ajili ya pombe na akafa anadaiwa la nne. Alikwisha kuapa kuwa bintiye hataolewa na mlevi. Naye Muharami, mtu wa swala tano, akachukua kikapu akaanza kupita nyumba za wapika pombe, mchana kweupe, akiomba machicha.

Alirudi na vikapu vimejaa, vinanuka hadi barabarani. Akachanganya machicha na pumba na udongo wa kona, akavirundika biwi, akalifunika kwa majani ya migomba, akalinywesha maji. Maji gani? Newala ile, ambayo mtungi mmoja ni safari ya nusu siku! Akalinywesha maji yake ya kuoga. Kwa hiyo, ndugu zangu, jumlisheni wenyewe: mchumba ananuka pombe, haogi, na kila akiinuka kwenye biwi anacheka peke yake kwa furaha, maana lilikuwa limeota ukungu mweupe kama unga. Fatu akimwona alikuwa akikimbilia nyuma ya nyumba kucheka mpaka machozi.

Mama Fatu hakucheka. Jioni moja akasimama mbele ya kinu akakiambia kuwa amesikia kuna watu wa Lisekese wana mdomo wa kuswali na tumbo la kunywa, na kama ni kweli, mkeka wao uko wapi waukunje. Muharami nyuma ya ukuta akakohoa mara mbili, kwa nguvu, hapana na hapana. Bahati mbaya alikuwa ametoka kupepeta pumba, vumbi likamkaba, akakohoa ya tatu, na ya nne, na ya tano. Mama Fatu akakigeuzia kinu mgongo, akaingia ndani.

Usiku huo Muharami hakulala. Asubuhi akayang'oa mashina yote ya njano, akapanda upya. Kila shimo konzi moja ya biwi, mbegu, na kufukia. Mstari wa mwisho konzi zilimwishia, akapanda hivi hivi, akamwachia Mungu. Kisha akangoja, na ninyi mnajua kungoja kulivyo.

Njugu ziliota, nawaambia! Zikajaa, zikatambaa, zikafunika ardhi. Mwezi wa Mei ulipoingia ulikuwa ukipita barabarani unaliona shamba la Mama Fatu kabla hujaiona nyumba. Ule mstari wa mwisho tu ndio uliokuwa wa njano. Muharami alikuwa akiamka anaimba, analala anaimba, na zilibaki siku sita avune.

Siku hiyo ya sita kabla ya mavuno akaja Akida Nurdini na askari wawili. Akida alikuwa mtu wa pwani, Mjerumani ndiye aliyemweka, na alikuwa na woga wake. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimezimwa juzi tu, watu walikuwa wamenyongwa kwa kukutwa na kibuyu cha dawa, na sasa ameambiwa kuna mgeni Newala anatia dawa na maji ardhini mpaka mimea inaota kwa namna ya kutisha. Akamkuta Muharami shambani. Akauliza ile dawa ni ya nini, na Muharami akajibu kwa uaminifu wote kwamba si dawa, ni udongo unaokula machicha. Askari mmoja akaangua kicheko. Akida hakuona cha kuchekesha.

Wakati huo huo Mama Fatu akatokea mlangoni. Muharami alipomwona, adabu ikamshika kabla ya akili. Akanyakua ungo uliokuwa kando akajifunika uso, akachuchumaa nao.

Akida akatazama. Kwao pwani, mtu anayeficha uso mbele ya serikali ana la kuficha. Akamwamuru autoe ungo. Muharami hakutoa. Akamwuliza anamficha nani uso. Muharami akaukaza ungo, maana angejibu nini? Kumwita Mama Fatu mkwe si haki yake, na mwenye haki hiyo alikuwa bado hajaitumia. Akida akasema mgeni asiye na mtu wa kumjua ni wa kupelekwa boma, na askari wakatoa kamba. Chini ya ungo Muharami aliisikia kamba inafunguliwa, akamwogopa Mwenyezi Mungu na akamkumbuka Fatu, na kwa kweli kumkumbuka Fatu ndiko kulikozidi.

Mama Fatu akaingia shambani. Akang'oa shina la katikati, akakung'uta udongo, njugu zikaning'inia nono, mizizi misafi. Akaenda mstari wa mwisho akang'oa la njano, mafundo matupu. Akayaweka yote mawili mbele ya Akida.

"Hili limekula hicho unachokiita dawa, hili halikula. Biwi lake nimelifukua kwa mikono yangu, zaidi ya mara moja, akiwa anaswali. Hakuna vita mle. Kuna machicha, na hata tone hajanywa."

"Na uso anauficha kwa nini?"

Mama Fatu akautazama ule ungo. Ghala lilikuwa bado tupu, na mavuno yalikuwa bado ardhini.

"Anauficha kwa ajili yangu," akasema. "Ndiyo heshima yetu. Ni mkwe wangu."

Akida akawatazama askari, askari wakatazama njugu. Ikabidi wachemshiwe chungu kizima, wakala wakashiba, wakaondoka na nyingine mifukoni, na kamba ikarudi ilikotoka.

Muharami alikuwa bado amechuchumaa chini ya ungo. Jua likapinda. Fatu akaja, akaugonga ungo kwa kidole.

"Toka, mama ameingia ndani. Wameshaondoka."

"Alisema nini?"

"Umesikia mwenyewe."

"Nilikuwa chini ya ungo," Muharami akasema, na sauti yake ilikuwa imejaa machozi na kicheko pamoja. "Niambie wewe."

Fatu akachungulia mlangoni kuhakikisha mama yake hamwoni, akainama, akaingiza kichwa chini ya ungo ule ule, akamwambia.