Waya Uliokataa Kulia

Tangu saa saba mchana Zabron alikuwa amelala chali ndani ya teksi yake, kichwa chini ya dashibodi, miguu nje ya mlango, akisukumana na waya wa mita ya spidi. Miaka sitini na mitatu si umri wa kulala hivyo. Shingo ilimuuma, kiuno kilimuuma, na waya wenyewe ulikuwa umemgomea.

Aliuchomoa kwa mkono wake mwenyewe mwaka tisini na moja, Korola hiyo ilipoanza kupiga kelele kwenye mita. Hakuuhitaji. Pale stendi ya Tunduma kila dereva alijua kwamba Zabron anaendesha kwa sikio: injini ikinguruma hivi ni hamsini, ikibadili sauti ni themanini, na hakuwahi kukosea. Vijana waliokodolea macho mshale wa mita aliwacheka, hasa Ezron, mtoto wa jirani, aliyemwomba mara mbili amwachie gari japo kwa siku moja. "Gari linasema lenyewe," alimjibu. "Wewe unalisoma kama gazeti."

Wiki iliyopita, kwenye mteremko wa Mpemba, gari halikumwambia kitu. Alidhani yuko hamsini. Ng'ombe walipokatiza barabara alikanyaga breki, gari likaserereka, likasimama hatua moja tu kutoka kwenye kwato, abiria wa nyuma akiliita jina la Yesu. Zabron alisingizia breki. Nyumbani akasema trafiki wameanza kukagua mita. Mficha maradhi kilio humfichua, ndiyo, lakini ni nani anayekubali kufichuka kabla ya siku yake? Kesho asubuhi alikuwa na walimu wanne wa kupeleka Vwawa, na kwa kuwa sikio limemsaliti, alihitaji mshale.

Mkewe Restuta alikaa kiti cha abiria akimmulikia tochi, maana chini ya dashibodi kuna giza hata jua likiwa la utosi.

"Ukiingia sawasawa utalia ta," Zabron alimweleza. "Usipolia, haujashika. Utachomoka njiani."

Alisukuma, akasikiliza. Kimya. Akauchomoa, akaupangusa vumbi kwa shati, akasukuma tena. Kimya. Mara ya tatu alisukuma mpaka ukucha ukapasuka, akatulia kuusubiri ule mlio kama mtu anayesubiri kuitwa jina kwenye foleni. Wapi. Alikuwa amechoka, amechoka kweli, akatamani alale palepale juu ya zulia la gari na mtu asimwamshe.

"Kishikizo kimekufa," alisema, akaanza kuuchomoa tena.

Mkono wa Restuta ukamshika kifundo cha mkono. Aliinama mpaka uso wake ukawa karibu na wa mumewe, tochi ikiwamulika wote wawili.

"Baba Atupele, usiuchomoe. Umelia."

"Umelia saa ngapi?"

"Sasa hivi. Hata ule wa kwanza ulilia, na wa pili. Kila mara nilikwambia, na wewe unachomoa tu. Nikadhani unanidharau, nikakasirika."

Zabron aliuachia waya. Aliona aibu, kisha hofu, kisha ule uchovu ukarudi na kuvifunika vyote. Machozi yalimtoka, na kwa kuwa alikuwa amelala chali, yakamtiririkia masikioni. Restuta alizima tochi.

Baadaye waliliwasha gari, wakaenda mpaka mwisho wa mtaa na kurudi. Mshale ulipanda hadi ishirini, ukapanda hadi thelathini, bila kutikisika. Restuta alisema neno njiani. Zabron aliona midomo tu, akatikisa kichwa kukubali asichokijua.

Walipofika nyumbani alichomoa ufunguo, akauangalia kidogo, akauweka kwenye kiganja cha mkewe.

"Mpelekee Ezron. Wale walimu wa kesho awachukue yeye."

Restuta alimgeukia kabisa, ili amwone akizungumza. "Nimwambie unaumwa?"

"Mwambie mita imepona," Zabron alisema. "Yeye ni mtu wa kuangalia mshale."