Msalaba Chini ya Sikio la Gunia

"Shoneni kama mnavyoshona siku zote," afande alisema, akamwekea kila mmoja wetu gunia la mchele mbele yake.

Tulikuwa wanawake wanne, tumekaa chini uani kwenye mashine ya kukoboa mpunga, hapa Ifakara, saa sita na nusu mchana. Jua lilikuwa kali na sindano ilinitelezea kwa jasho. Mashine ilikuwa imezimwa. Ukishazoea ule mngurumo wa kutwa nzima, kimya chake kinakutia wazimu. Nilisikia hadi kuku wakichakura kwenye pumba. Mbele yetu, juu ya turubai, lililala gunia la tano ambalo halikuwa la kushonwa. Lilikuwa limepasuliwa ubavuni, lakini mdomo wake ulikuwa bado umefungwa vizuri. Askari walilitoa kwenye lori walilolisimamisha barabarani, pale Kiberege. Katikati ya mchele walikuta vipande vya meno ya tembo.

Niliutambua ule mshono kabla hawajamaliza kulikunjua turubai.

Kazi hii nilifundishwa na mama mdogo Balbina, aliyenichukua mama yangu alipofariki. Unakunja mdomo wa gunia, unafunga kona ya kwanza ibaki imechomoza kama sikio, unakwenda na uzi ukipanda na kushuka mpaka kona ya pili, unafunga sikio la pili, unakata. Washonaji wote wanaishia hapo. Mama mdogo hakuishia hapo. Chini ya sikio la pili alipiga mistari miwili iliyokatana, msalaba mdogo usiozidi ukucha, ndipo akakata uzi.

"Chakula kinasafiri," aliniambia. "Hatujui atakayekila ni nani na ana shida gani. Tumwombee kidogo."

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nikaiga, na tangu hapo sikuwahi kufunga gunia bila msalaba, kama mtu asivyoweza kutoka kanisani bila kugusa maji ya baraka. Tofauti yetu ilikuwa moja tu. Yeye alishonea mkono wa kushoto, kwa hiyo mishono yake ililala upande wa pili.

Macho yalipoanza kumsumbua aliacha sindano, akawa anauza chai na vitumbua pale getini. Miaka miwili hakushona. Ndiyo maana Ijumaa moja, umeme ulipokatika, nilishtuka kumkuta stoo peke yake, ameinamia gunia, sindano iko kushoto.

"Mama mdogo, unashona nini?"

"Pumba za Kasmiri," alisema bila kuinua kichwa. "Nenda kaniangalizie chai isimwagike."

Pumba hakuna anayezishona hivyo. Unafunga mdomo kwa kamba, umemaliza. Kasmiri alikuwa mtunza stoo wetu, tena mtoto wa ubatizo wa mama mdogo. Mama mdogo ndiye aliyempakata siku padri anammwagia maji, na tangu siku hiyo hajawahi kumnyima kitu, hata vile alivyopaswa kumnyima. Nilikwenda kuangalia chai. Nilijua kuna jambo, nikaamua kutolijua. Kwa siku tisa nilikuwa nalala na kuamka, naunguza mboga, nagombana na watu wasio na kosa, lakini mdomo sikufungua.

Siku ya kumi gari la polisi likaingia uani. Sisi tukadhani wamefuata lumbesa, yale magunia tunayoyajaza kupita kipimo mpaka yanavaa kofia. Serikali imeyakataza na sisi tunaendelea kuyashona. Angelina, jirani yangu wa kazi, alirukia gunia lake akaanza kulifumua kofia kwa meno.

"Acha, dada," afande akamwambia. "Leo sijaja kupima."

Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini. Alijitambulisha kwa jina la Herieth. Alisema amezaliwa Mngeta, kwao ni wakulima wa mpunga, na mama yake amewahi kushona magunia. Askari mwingine angeona gunia tu. Huyu alikuwa anautafuta mkono uliolifunga. Kasmiri hakuwa ameonekana tangu asubuhi.

Basi tukashona. Nilifika sikio la pili na mkono ukataka kwenda wenyewe, kama kawaida yake. Nikauzuia. Nikafunga, nikakata uzi, nikaiweka sindano chini na kujiona mjanja.

Afande Herieth alipita kwa kila mmoja, akaja kuchuchumaa kwangu. Alilitazama sikio la pili kwa muda mrefu. Kisha akainuka, akaenda kwenye magunia yaliyopangwa ukutani, yaliyoshonwa asubuhi ile ile, akageuza moja, la pili, la tatu.

"Haya ni ya nani?"

"Ya Eveline," Angelina akajibu kabla sijavuta pumzi. Hakuwa na ubaya, ndivyo alivyo.

"Eveline, haya yote yana msalaba. Lile la Kiberege lina msalaba. Hili ulilonishonea mimi halina. Umesahau?"

Ningeweza kusema, afande, tazama mishono ilivyolala, huo ni mkono wa kushoto. Maneno hayo yangeniokoa, na yangemfikisha kwa mama mdogo moja kwa moja, maana hapa mashineni hakukuwa na mwingine anayeshonea kushoto. Nikakaa kimya. Ningependa kusema nilikaa kimya kwa upendo. Upendo ulikuwapo, lakini zaidi ulikuwa woga. Askari mmoja akatoa pingu.

"Mwanangu, nipe hiyo sindano."

Mama mdogo alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono yake ina unga wa vitumbua.

"Shikamoo, mama," afande alisema. "Si wewe unayeuza chai getini?"

"Marahaba. Nipisheni nikae."

Alijifuta mikono kwenye khanga, akakaa, akavuta gunia tupu. Alipapasa mdomo wa gunia kwa vidole kwa sababu macho hayakumsaidia tena, akaanza kushona kwa mkono wa kushoto, haraka, bila kukosea. Alipofika sikio la pili akapiga mstari, akapiga wa pili juu yake. Afande aliliweka lile gunia pembeni ya lile la Kiberege. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

"Ulijua kilichokuwa ndani, mama?"

"Nilijua. Kasmiri alinionyesha. Huyu mtoto hajui kitu."

Hapo alidanganya, na mimi nikamwacha adanganye.

"Sasa msalaba ulikuwa wa nini, kwenye mzigo kama ule?"

Mama mdogo aliutazama mkono wake kama kitu alichokabidhiwa na mtu mwingine. "Ulikwenda wenyewe," alisema.

Kasmiri walimkamata siku mbili baadaye stesheni ya Mlimba, akisubiri treni ya kwenda Mbeya. Mahakamani walisimama bega kwa bega, yeye na mama yake wa ubatizo, na kila mmoja akapewa miaka ishirini. Mwenye lori alikuja na wakili, sijui aliishia wapi. Mwenye yale meno ya tembo hatukuwahi hata kulisikia jina lake. Hilo linaniuma mpaka leo. Na afande Herieth aliifanya kazi yake vizuri, nalo linaniuma, maana nilitaka sana nimchukie.

Mwezi uliopita nilikwenda gerezani kumwona mama mdogo. Amekonda. Aliniuliza habari za Angelina, za mvua, za bei ya mpunga. Kisha akauliza, "Msalaba bado unauweka?"

"Nusu," nikamwambia. "Mkono unapiga mstari wa kwanza, halafu unasimama."

Alicheka mpaka askari wa zamu akatugeukia. "Malizia, mwanangu. Wanaokula huo mchele hawajakukosea."

Jumatatu nilikaa uani mahali pangu, mashine ikinguruma, nikavuta gunia la kwanza. Nilifika sikio la pili, nikapiga mstari mmoja. Nikainua sindano. Angelina alikuwa ananitazama, akajifanya anatafuta uzi wake. Nilikaa hivyo, sindano hewani, mpaka mbeba mizigo akaniuliza kama nimemaliza.

Nikakata uzi, nikamwambia alichukue.