Nimeegesha

Klaudia alipofiwa na mume, shemeji zake walisubiri arobaini iishe, kisha wakamkumbusha kwa upole kwamba basi la kwenda kwao Muleba hupita asubuhi. Huko kwao, kaka yake Apolinary alimpokea kwa ndizi na samaki.

"Kula ushibe, dada. Lakini kujenga, hapana. Mwanamke hajengi kwenye kibanja cha ukoo."

Klaudia alimaliza samaki wake, akanawa. Alikwenda Bukoba, akauza cherehani yake nzuri, akamtafuta Lukmani, seremala wa Kashai, ambaye nyuma ya karakana yake lilikuwapo tela kuukuu la trekta, kuku wakitagia chini yake. Juu ya tela hilo Lukmani alisimamisha mbao, akaweka bati, madirisha mawili, kitanda, na meza ya kukunja.

"Mama, nimeulizwa natengeneza nini, nikakosa jibu. Hii ni nyumba au gari?"

"Wewe kaza skrubu."

Lori la kahawa likaivuta hadi Muleba. Apolinary alitoka na mswaki mdomoni, akaikuta imesimama katikati ya migomba.

"Nilikukataza kujenga!"

"Sijajenga, waitu, kaka yangu. Nimeegesha."

Ukoo ukaitwa. Ta Kahangwa, yaani Mzee Kahangwa, mkubwa wao, aliizunguka mara tatu, akapiga goti kuchungulia uvunguni. Mwalimu mstaafu Alexander akaeleza kwamba nyumba ni kitu chenye msingi. Wakaenda kwa mtendaji wa kijiji, naye akasema vyenye magurudumu si vyake, waende kwa trafiki. Trafiki akauliza injini iko wapi. Alipoambiwa haina, akawarudisha kwa mtendaji.

Baada ya vibuyu viwili vya rubisi, pombe ya ndizi, Ta Kahangwa akatoa uamuzi. "Ni gari. Na gari hutembea. Lisilale mahali pamoja zaidi ya wiki."

"Nimekubali," Klaudia akasema. "Ila mimi mjane sina nguvu. Mlioamuru mtasukuma."

Jumamosi ya kwanza walikuja wanaume kumi na wawili, wakicheka. Klaudia akawapikia chai, akakaa dirishani wakati wakisukuma. Jumamosi ya pili walikuja wanane. Mvua ilikuwa imenyesha, tela likateleza na kulaza mibuni mitatu ya Apolinary. Ya tatu, mgongo wa mwalimu Alexander ukakataa kunyooka. Ya nne, Ta Kahangwa alikuja mwenyewe kuonyesha mfano, akaenda chini na kanzu yake nyeupe, na hakuna aliyethubutu kucheka isipokuwa mkewe.

Jumapili, baada ya misa, Klaudia alisikia chuma kikigongwa chini ya sakafu yake. Akatoka. Apolinary alikuwa amelala chali na jeki na spana, anafungua magurudumu, na tela limeshakaa juu ya mawe manne.

"Kaka, unafanya nini?"

"Gari limeharibika," Apolinary akajibu bila kumtazama. "Ukoo umekaa. Gari bovu halisukumwi. Likitengemaa utaliondoa."

"Na magurudumu?"

"Nitakutunzia."

Klaudia aliificha furaha yake nyuma ya uso wa msiba. Akamshukuru kwa magoti, kama desturi itakavyo.

Kabla ya Krismasi, magurudumu hayo yalikuwa kwenye mkokoteni wa Apolinary, yakipeleka ndizi sokoni. Klaudia alimsimamisha njiani, akamwomba amletee matofali ya kuzungushia jiko. Apolinary akaleta mizigo miwili, akaipanga mwenyewe ukutani, na hakuuliza ni jiko gani linalohitaji matofali mia nne.